Dereva na Majiko ya Watu

Jumamosi, tarehe saba Juni, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Rau, mkono mmoja umeshika kipande cha mkate na mwingine kalamu nyekundu, nikisahihisha mitihani ya kemia ya kidato cha pili juu ya friji. Ndivyo nilivyokuwa nikila siku nyingi: nimesimama, macho yakiwa kwenye jambo jingine. Simu ikaita. Alikuwa jirani yetu wa Uru, mlimani nilikokulia, mtu ambaye kijiji kizima humwita Dereva ingawa imepita zaidi ya miaka kumi tangu aachie usukani wa lori.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulikulia jikoni kwa mama yako huyu, mke wangu. Hebu niambie, kitawa chake alikuwa anakifanyaje?"

Kitawa ni chakula chetu cha watoto, cha wagonjwa na cha wanawake waliotoka kujifungua: ndizi zilizochemshwa, zikapondwa, zikachanganywa na maziwa ya mgando. Nilijibu kama mtu anayejibu swali rahisi.

"Ndizi mshare, Mzee, na maziwa ya mgando."

"Hayo nayajua. Hata ng'ombe aliyetoa maziwa namjua. Nakuuliza kile kingine."

Nilikuwa nimekula kitawa cha mkewe tangu sijaota meno ya mbele, na bado sikuwa na la kumwambia. Akaendelea, sauti yake ikiwa chini kuliko nilivyoizoea.

"Tangu kiharusi kimpige, hali kitu. Daktari anasema koo ni zima, kumeza anaweza. Mimi nikileta kijiko anafunga mdomo. Nimempikia kila nilichokijua. Anakonda hapa mbele yangu, na mwezi sasa umepita."

Nilikaa chini. Habari ya ugonjwa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimepanda Uru mara mbili kumtazama mama yule, nikamkuta kitandani, mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine, maneno yake yakitoka yamevunjika. Kilichonishangaza ni mtu aliyekuwa akiuliza. Kama kuna mwanamume katika miteremko yote ya mlima huu aliyeishi kwa kuuliza wanawake namna wanavyopika, ni yeye. Alikuwa ameuliza kutoka Moshi mpaka Lubumbashi.

Niseme kwanza namna alivyouliza, maana niliona kwa macho yangu. Nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu Iringa, baba yangu alimwomba anipeleke, kwa kuwa lori lake lilikuwa linapita huko na shehena ya saruji. Mama alinifungia mayai ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, akanionya juu ya vyakula vya njiani kana kwamba ni wanaume wa njiani. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo vitunguu huning'inia barabarani kama mapazia, Dereva alisimamisha gari, akaniona nafungua mfuko wangu.

"Hayo mayai ni ya nyumbani," alisema. "Yaache yafike nyumbani kwako kupya. Shuka."

Sikuwahi kumwona mteja akifanya alichokifanya. Hakukaa mezani. Alizunguka nyuma ya kibanda, akaenda mpaka mafigani alikokuwa mama mmoja mnene amefunga khanga kifuani, akachuchumaa kando yake.

"Habari za moto, mama?"

"Moto upo, baba. Una njaa au una maneno?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na maneno, ugali haujaiva."

Akamwuliza majani ya maboga ameyaunga na nini. Karanga, akajibiwa. Zimekaangwa kwanza au zimetwangwa mbichi? Chumvi imeingia lini? Mama yule akaacha kusonga ugali, akamtazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Kwani wewe ni mwanamke?"

"Ni Mchaga."

Wanawake watatu waliokuwa wakichambua mboga walicheka mpaka mmoja akalazimika kuweka ungo chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini chakula kilipoletwa, nilijikuta nakitafuta kile nilichokisikia kikielezwa: karanga zile zilizokaangwa nusu, chumvi ile iliyoingia mwishoni. Nilikuwa na miaka ishirini, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kutafuna jambo huku nikilifikiria jambo hilo hilo.

Garini nilimwuliza kwa nini anajiaibisha vile. Hakukasirika. Alisema: "Nyumbani chakula kinakufuata. Safarini wewe ndiye unayekifuata, na mtu anayefuata kitu kwa watu lazima abishe hodi."

Hakuzaliwa hivyo. Alikiri mwenyewe kwamba katika ujana wake alikula kama anavyopakia mizigo: kiingie, kifungwe, twende. Kilichombadilisha kilitokea kaskazini mwa Zambia, msimu mmoja wa mvua, daraja lilipobomoka na magari yakakwama siku nyingi. Mwanamke wa kijiji cha jirani aliwaletea madereva chakula, ugali wa muhogo na samaki wadogo. Yeye aliudharau muhogo. Kwetu, alisema, huo ulikuwa ugali wa miaka ya njaa. Akangoja mwanamke ageuke, akamwaga sahani yake nyuma ya tairi. Mwanamke hakuwa amegeuka vya kutosha.

Kesho yake akarudi na sahani ile ile. Safari hii akaketi mbele yake, hakusema neno la lawama. Alianza tu kumweleza, kwa Kiswahili cha mpakani, namna ule unga ulivyopatikana: muhogo ulichimbwa siku gani, ukalowekwa mtoni siku ngapi, ukamenywa, ukaanikwa, mvua ikaja ukaingizwa ndani, jua likatoka ukatolewa tena, ukatwangwa na binti yake ambaye alikuwa mjamzito.

"Niligundua kuwa sikumwaga ugali," Dereva aliniambia. "Nilimwaga siku za mtu."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa nyuma ya vibanda. Barabara kwake hazikuwa na namba wala umbali. Tabora ilikuwa michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa ambayo alisema ukiyatafuna unasikia kiangazi kizima. Kigoma ilikuwa mawese na samaki wa migebuka. Lubumbashi ilikuwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa mpaka yakasahau kuwa majani. Ukimwuliza Dodoma iko umbali gani na Singida, alikuambia mlenda, ile mboga ya utelezi, unabadilika wapi. Alinusa kabla ya kula, kofia imevuliwa, na baada ya kula hakuondoka bila kumwambia mpishi jambo moja mahususi. Hakuridhika na "chakula kizuri." Alisema, "Mama, ule utelezi wa bamia uliuacha makusudi," na mpishi alijua kwamba ameonekana.

Alikuwa na msemo: "Hakuna chakula kibaya, kuna mgeni mvivu." Nilimpinga. Nilimkumbusha makande ya bweni letu, yenye wadudu walioelea juu kama wanakijiji waliokuja kuogelea. Akafikiri sana, maana hakupenda kushindwa. "Hicho si chakula kibaya," alisema hatimaye. "Hapo kuna mpishi aliyenyimwa heshima, naye akaisambaza."

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sikubali misemo kwa urahisi. Lakini nimewahi kujiuliza mara nyingi kwa nini safari ilimfanyia yeye kile ambacho kwa wengine haikukifanya. Madereva wenzake walipita barabara zile zile, wakala kwenye vibanda vile vile, wakarudi na malalamiko juu ya chumvi. Jibu ninaloliamini ni kwamba yeye alikubali kuwa mjinga. Mtu akiwa kwao haoni aibu ya kutojua, kwa sababu hajui kwamba hajui. Ugenini ujinga unakaa wazi kama kidonda, na ama utaufunika kwa dharau, ama utauonyesha kwa mtu mwenye dawa.

Msinidhanie kwamba namchora malaika. Mtu huyu aliyekula senene Bukoba na kumbikumbi sijui wapi hakuruhusu dagaa wapikwe nyumbani kwake, eti harufu itaingia kwenye shuka. Alihubiri subira ya chungu, na bado alipiga honi kwa ng'ombe. Na mwaka aliostaafu aliwakaribisha wanajumuiya wa kanisa letu nyumbani kwake, akawapikia kwa mkono wake mlenda wa Kigogo, nje uani, kwenye jiko la mkaa alilolinunua mwenyewe. Wazee wa Uru, wale tunaowaita Meku kwa heshima, walitazama ule mlenda ukivutika kutoka bakuli mpaka kinywani bila kukatika.

"Dereva," mmoja akauliza kwa upole, "hiki ni chakula au ni gundi ya kutubandika?"

"Kula, Meku. Njia itajulikana mbele."

"Njia naiona. Imetoka kwenye bakuli imefika kwenye koti."

Nilisema alipika nje uani, kwenye jiko lake mwenyewe. Hapo ndipo penye jambo kubwa, na sikuliona kwa miaka mingi kwa sababu lilikuwa jambo la kila mji. Kwetu kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Katika kihamba, shamba lile linalozunguka nyumba, chini ya kivuli kile kile, mwanamume anaujua kila mti wa mbuni, lakini migomba ni utawala wa mwanamke: yeye ndiye anayejua mkungu upi ukatwe leo, upi ulale, upi ni wa pombe ya mbege, upi ni wa mgonjwa. Na jiko la kuni nyuma ya nyumba, lile lililojaa moshi na kicheko, mwanamume havuki kizingiti chake. Dereva alisimama mlangoni pake. Alipoleta nyama aliikabidhi kizingitini. Huko Kongo alichuchumaa kando ya mafiga ya wanawake asiowajua majina. Kwake, kwa miaka zaidi ya arobaini, hakuwahi kuona mkewe anaanza na nini na anamalizia na nini.

Nami nilikuwa ndani ya jiko lile, nikiwa mtoto wa jirani aliyependa moto kuliko michezo. Nilimwona akirudi kutoka safari, akiketi mezani sebuleni, mkewe akimwekea kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, mvuke ukipanda. Hapo Dereva alianza kusimulia. Nakumbuka siku alipoeleza sombe ya mwanamke wa Lubumbashi, namna anavyotwanga, namna anavyotia mawese, mikono ya Dereva ikitwanga hewani, na mbele yake kiburu kikipoa. Mkewe alisimama na kitambaa begani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Malizia basi," alisema. "Huyo wa Kongo hatakuja kunioshea vyombo."

Akamaliza kwa dakika tatu. Mkewe alituambia jikoni, mama yangu na mimi: "Mume wangu akila kwa watu anasali. Akila kwangu anajaza mafuta." Mama yangu alicheka sana. Mwenyewe hakucheka sana.

Alimletea zawadi kutoka kila njia: chupa ya mawese, mfuko wa michembe, asali ya Tabora ndani ya dumu. Mkewe aliinusa chupa ya mawese, akauliza kama ni ya kupaka au ya kula, akapika mara moja kwa adabu, kisha akarudi kwenye ndizi zake. Nadhani alingoja kuulizwa jambo lolote. Sina ushahidi wa hilo, ila uso wake siku ile ya sombe.

Basi asubuhi ile ya Juni, simu ikiwa sikioni na mkate ukiwa umekauka juu ya karatasi za watoto wa watu, nilimsikiliza Dereva akinieleza alivyohangaika. Kwanza alimpikia mkewe sombe, kwa sababu hicho ndicho alichokijua vizuri zaidi. Mkewe akageuza uso ukutani. Akampikia ndizi za Kihaya, akapika uji wa ulezi, akapika majani ya maboga kwa karanga. Halafu akashusha kiburi chake akaenda kwa wanawake wa Uru, akaomba kitawa. Aliletewa mabakuli matano siku moja, kila mwanamke akiwa na hakika.

"Mpe hiki cha kwangu, Meku, atamaliza na bakuli."

Mgonjwa alionja cha kwanza, akafunga mdomo. Cha pili hakuonja. Mmoja wa wale wanawake, na hakuwa na nia mbaya, alimwambia Dereva ukumbini kwamba pengine mgonjwa amechagua mwenyewe kupumzika, na mtu akichagua, aachwe kwa amani.

"Nikamwambia bakuli lake lipo pale, alichukue," Dereva alisema. "Mwanangu, kama amechagua kuondoka nitamwacha. Lakini mtu akiwa na njaa ya kitu kimoja, ukamletea vitu kumi, si atafunga mdomo?"

Nilitazama dirishani, mahali mlima ulipopaswa kuwa. Mwezi wa Juni mlima hufunikwa na ukungu wiki nzima. Nikauliza swali ambalo sijui kwa nini halikuwa limeulizwa.

"Mama kwao ni wapi, Mzee?"

"Ni Mwika. Unajua."

"Sasa kwa nini tunauliza Uru?"

Kutoka Uru mpaka Mwika, ukishuka mjini ukapandia Himo, si safari ya kufungia chakula. Lakini mkewe alikuwa binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri, na alipoolewa na Mkatoliki akamfuata kanisani kwake, wazazi hawakuja harusini. Baada ya hapo alikwenda kwao kwenye misiba, peke yake. Mumewe kila mara alikuwa safarini, na kila mtu alikubali kwamba safari ni sababu.

"Yupo dada yake mkubwa," Dereva alisema. "Kama yupo bado."

Jumamosi iliyofuata niliendesha mimi. Dereva alikaa kiti cha abiria, koti limefungwa mpaka juu, magotini ana kilo tano za sukari, kitenge, na jani la isale alilolichuma kwenye uzio wake. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani hilo, na anayeletewa hawezi kulikataa. Hakuzungumza juu ya vyakula. Pale Himo nilimwonyesha vibanda vya mahindi ya kuchoma, akasema, "Twende."

Dada mtu tulimkuta nyuma ya nyumba, kikongwe mwembamba aliyesimama wima, anakata majani ya ng'ombe kwa panga. Nilimwamkia. Akaitika, kisha akamtazama Dereva kwa muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe alianza kulalamika.

"Shemeji," Dereva alisema, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Kongo ulifika?"

"Nilifika."

"Na Zambia?"

"Nilifika, shemeji."

"Njia ya Mwika ina mto gani uliokosa daraja?"

Kikongwe akalipokea jani, akalichomeka kwenye mkunjo wa khanga yake. "Hili nimelipokea," alisema. "Lakini maswali yangu bado yapo. Ingieni."

Alituongoza jikoni. Mimi nikapita, Dereva akasimama kizingitini, kama alivyosimama maisha yake yote.

"Unaogopa moshi?"

Akainama, akaingia. Akaeleza habari ya kiharusi, ya mdomo unaofungwa, ya mabakuli matano. Mwishoni akauliza juu ya kitawa. Nilikuwa nimefungua daftari langu, nimeandika kichwa cha habari na kukipigia mstari, kama mjinga mwenye shahada.

"Sikuambii," alisema dada mtu.

Dereva alifumba macho. Nadhani alidhani hiyo ndiyo adhabu yake.

"Sikuambii, kwa sababu mdogo wangu hawezi kula maneno yako yaliyotoka kwangu. Nipelekeni." Akageuka kwangu. Nyuma ya mlango palikuwa na mkungu wa mshare uliofunikwa kwa majani makavu. "Mwalimu, funga kitabu. Beba huu."

Mambo niliyoyaona jikoni Uru saa tisa mchana ule nitayaeleza kwa ufupi, maana kikongwe alikataa yaandikwe. Ule mkungu ulikuwa umekatwa siku tatu nyuma. Wanawake wa Uru hukata na kupika siku ile ile. Magadi aliyayeyusha kwenye maji akayachuja, akatia kidogo ndizi zilipokwisha kuchemka vizuri, si kabla. Alipoziponda aliziacha zipoe kabisa, bakuli likitulia kwenye baridi ya mlangoni, ndipo akamimina maziwa.

"Nyinyi huku mnamimina kwenye moto," alinung'unika. "Yanakatika, halafu mnamlaumu ng'ombe."

Dereva alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndani ya jiko lake mwenyewe, magoti yakiwa karibu na masikio. Aliuliza kwa nini siku tatu. Aliuliza magadi ya wapi. Aliuliza mwiko ule ni wa mti gani.

"Huyu mtu anauliza kuliko mtoto!" kikongwe akaniambia. "Mdogo wangu aliishije naye?"

"Yeye sikumwuliza," Dereva alinong'ona. Sijui alikuwa anamjibu nani. Alimaanisha, nadhani, mkewe.

Kikongwe alilipeleka bakuli chumbani mwenyewe. Nilibaki mlangoni. Mgonjwa alikuwa amelala kutazama ukuta. Dada yake alisema jambo kwa Kichaga cha Mwika, maneno machache yenye lafudhi ambayo sikuwa nimeisikia nyumba ile tangu nizaliwe. Uso ukageuka polepole. Walitazamana. Hakuna aliyelia, kinyume na nilivyojiandaa. Kikongwe akachota kijiko, mdomo ukafunguka. Akameza. Ukafunguka tena. Baada ya vijiko saba au nane alilala usingizi, na dada yake akamfuta kidevu kwa ncha ya khanga.

Nilimtafuta Dereva nimpe habari. Alikuwa ameiona mwenyewe kupitia dirishani. Nilimkuta kihambani, si kwenye kahawa yake bali kwenye migomba, akiyagusa mashina moja baada ya lingine.

"Sijui hata mmoja kwa jina," aliniambia.

Dada mtu alikaa siku tatu, kisha akadai ng'ombe wake. Mimi nilirudi Rau, kwenye mitihani. Lakini nilipanda Uru kila Jumapili baada ya misa, na Jumapili moja ya Julai niliona jambo ambalo nilitaka kikongwe yule alijue mapema. Simu yeye haitaki, anaiita kelele ya watu wasiotaka kutembea. Kwa hiyo niliandika, nikampa mwalimu mwenzangu ambaye hupanda Mwika kila Ijumaa. Barua yenyewe ilikuwa hii:

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini ng'ombe hajambo na baridi imepungua kwenu. Sisi ni wazima, na mgonjwa wetu anakuja vizuri. Anaketi kitini mchana. Mashavu yameanza kurudi.

Shemeji yako anapika mwenyewe sasa. Binti aliyeajiriwa kusaidia amehamishiwa kwenye kufua. Wanaume wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Ya pili mmoja wao alikuja kuuliza mkewe hupewa nini akiwa na homa, na alitumwa arudi kwake akamwulize mwenyewe.

Jumapili hii alipika bila msaada wowote. Alimpelekea mama bakuli, nami nilikuwepo. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, "Magadi." Alilisema wazi kabisa, Mama Mkubwa. Ndilo neno la kwanza tulilolielewa wote tangu augue, na lilikuwa la kumkosoa mume wake.

Mzee akauliza kama yamezidi. Mama akatikisa kichwa. Yamepungua? Akatikisa tena. Ni machafu? Ni ya zamani? Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, anauliza kila alichoweza kukifikiria, na mama kila mara anatikisa kichwa, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba aliyatia mapema, kabla ndizi hazijachemka. Alipolitaja hilo, mama alifumba macho akaitikia kwa kichwa.

Nilidhani angeinuka sasa, aende akapike upya. Hakuinuka. Alimwuliza ni nani aliyemfundisha kungoja. Akamwuliza mshare ule wa nyuma ya jiko aliupanda lini, na kwa nini pale. Alimwuliza mambo ya tangu walipooana, moja baada ya jingine, akingoja kila jibu, hata lile lililochukua muda mrefu na likatoka nusu. Jua likahama kutoka mlangoni mpaka dirishani. Mimi nilisahau kuwa kuna chakula, na yeye alisahau. Mama hakusahau. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akalivuta bakuli upande wake, akaanza kula.